Sura ya Nambari: Jinsi Mwonekano wa Seli Unavyoongoza Hesabu

Kila seli ya lahajedwali ina matabaka mawili. La chini ni thamani yenyewe: nambari, tarehe au maneno yaliyoandikwa na kuhifadhiwa. La juu ni mwonekano, yaani idadi ya desimali, alama ya shilingi, rangi, mistari, na upande ambao maandishi yameegemea. Kompyuta hukokotoa kwa tabaka la chini, naye binadamu husoma la juu. Matabaka haya yakipatana, hesabu husomeka bila jasho. Yakipishana, msomaji hufanya uamuzi kwa kutegemea kitu ambacho kompyuta haikijui, na fedha hupotea ilhali hakuna aliyekosea kujumlisha.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika daftari la kodi ya nyumba. Kahawa Sukari, mtaa ulio kando ya barabara kuu ya Thika katika eneo bunge la Ruiru, kaunti ya Kiambu, uko jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na sehemu hiyo yote hadi Kahawa Wendani ina nyumba nyingi za kupangisha, zikiwemo bedsita za wanafunzi. Daftari la ploti lililozoea kuandikwa kwa kalamu katika kitabu chenye jalada gumu sasa huwekwa katika Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc, na mara nyingi hukabidhiwa kijana aliyesomea pakeji za kompyuta baada ya kidato cha nne. Safu wima zake si nyingi: nyumba, jina la mpangaji, simu, kodi, tarehe ya malipo, kiasi kilicholipwa na salio. Hizo zinatosha kuonyesha karibu kila jambo linalohusu sura ya seli.

Wabunifu wa kwanza wa lahajedwali hawakuwa na mengi ya kuchagua. VisiCalc, lahajedwali iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutolewa mwaka wa 1979, iliweza kuonyesha nambari nzima au nambari yenye desimali mbili, kusukuma maandishi kushoto au kulia, na kugeuza nambari kuwa mstari wa nyota uliotumika kama chati. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka wa 1983, na Excel ikatoka mwaka wa 1985, kwanza kwa kompyuta za Macintosh. Mengi yanayoonekana leo ya kawaida, kama vile rangi za seli na aina za mwandiko, yaliongezwa hatua kwa hatua. Msingi haukubadilika: mwonekano huvalishwa juu ya thamani bila kuigusa.

Seli ambayo haijaguswa huwa katika muundo uitwao General. Maana yake ni kwamba programu hukisia yenyewe. Ikiona tarakimu huzichukua kuwa nambari, ikiona kitu kinachofanana na tarehe hukigeuza kuwa tarehe, na isichokielewa hukiacha kuwa maneno. Makisio hayo hufaulu mara nyingi mno hivi kwamba watumiaji husahau kuwa ni makisio. Dalili ya kujua programu imekisia nini iko mbele ya macho: nambari na tarehe huegemea kulia, maneno huegemea kushoto. Kwa sababu hiyo si vyema kuharakisha kuweka kila kitu katikati ya seli kabla data haijakaguliwa. Ukurasa huonekana nadhifu, lakini dalili pekee ya bure imefutwa.

Umuhimu wa dalili hiyo hudhihirika katika kuandika shilingi. Wakenya wengi wamezoea kuandika kiasi cha fedha kwa kumalizia na mkwaju na alama ya sawasawa, kama 8,500/=. Katika stakabadhi ya karatasi desturi hiyo ni nzuri, kwani humzuia mtu kuongeza tarakimu mwishoni. Katika lahajedwali, seli yenye 8,500/= si nambari tena, ni maneno, na fomula ya SUM huruka maneno bila kutoa onyo lolote. Ploti yenye vyumba 12 vya shilingi 8,500 hupaswa kuleta 102,000 kwa mwezi. Malipo mawili yakiandikwa kwa mtindo wa stakabadhi, jumla itasoma 85,000, na msimamizi wa ploti ataulizwa shilingi 17,000 ziko wapi. Njia salama ni kuandika 8500 pekee, kisha kuiagiza seli ionyeshe mkwaju na sawasawa kwa muundo #,##0"/=". Jicho litaona 8,500/=, kompyuta itaona 8500.

Alama ya dola inayojitokeza mtu anapobofya kitufe cha sarafu hutokana na kompyuta iliyowekwa kwa mipangilio ya Marekani. Akibadilisha eneo kuwa Kenya katika mipangilio ya mashine, kitufe hicho hutoa Ksh. Kuna pia muundo wa kihasibu, ambao husukuma alama ya sarafu hadi ukingo wa kushoto wa seli, hupanga nukta za desimali katika mstari mmoja na kuonyesha sifuri kama kistari. Kwa safu ndefu ya fedha muundo huu ndio bora, kwa kuwa jicho hulinganisha ukubwa wa kiasi kwa kufuata mpangilio wa tarakimu.

Asilimia zinahitaji uangalifu zaidi, na mfano wake umo katika sheria ya Kenya yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2024, ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za makazi kwa wenye nyumba wanaopata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka umekuwa asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, ukiwa umeshuka kutoka asilimia 10. Mtu akiandika 0.075 kisha abofye kitufe cha asilimia, Excel humwonyesha 8%. Thamani iliyohifadhiwa ingali 0.075, na fomula inayoitumia itatoa shilingi 7,650 kwa mapato ya 102,000. Lakini anayesoma karatasi iliyochapishwa na kukokotoa kwa simu atapata 8,160, na tofauti ya shilingi 510 itazua ubishi usio na msingi. Kuongeza desimali moja kunamaliza jambo lenyewe. Kosa la upande wa pili ni kuandika 16 katika seli ya kawaida kisha kuigeuza kuwa asilimia: hutokea 1600%, kwa kuwa programu inaiona 16 kuwa ni mara kumi na sita ya kitu kizima. Seli ikivalishwa muundo wa asilimia kwanza, ndipo 16 ikaandikwa, hubaki 16%.

Kuficha desimali si kukadiria. Bili ya maji ya shilingi 10,000 ikigawanywa kwa nyumba tatu, kila seli huhifadhi 3,333.33 na desimali nyingine zinazofuata. Desimali zikifichwa, ukurasa huonyesha 3,333 mara tatu na chini yake jumla ya 10,000. Mpangaji mwenye kalamu atajumlisha, apate 9,999, na kuanzia hapo hataiamini orodha hiyo. Ikiwa nambari zitasomwa na watu wanaolipa, zikadiriwe kwa fomula ya ROUND ili kilichoonyeshwa kiwe ndicho kilichohifadhiwa, kisha ikubaliwe wazi shilingi moja inayobaki italipwa na nani. Excel ina pia chaguo la kulazimisha thamani zote za kitabu zifuate mwonekano wake. Chaguo hilo hukata desimali moja kwa moja na hazirudi tena, hivyo halifai kuguswa bila sababu nzito.

Baadhi ya nambari si kiasi. Nambari ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Programu haijui hilo. Simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake mara tu kitufe cha kuingiza kinapobonyezwa. Ikiandikwa kwa kuanza na 254 huwa na tarakimu 12, na muundo wa General hugeuza nambari zenye tarakimu 12 au zaidi kuwa maandishi ya kisayansi, kwa hiyo mpangaji huonekana ana simu ya 2.547E+11. Mabaya zaidi huzipata nambari ndefu: Excel huhifadhi tarakimu 15 tu zenye maana, na ya 16 hugeuka sifuri. Hakuna muundo wowote unaoweza kuirejesha baadaye, kwa kuwa imepotea katika thamani yenyewe.

Dawa ni kuitayarisha safu nzima kabla ya kuandika: simu, kitambulisho na akaunti za benki ziwekwe katika muundo wa Text, au kila moja itanguliwe na alama ya mkato wa juu, ambayo haionekani katika seli. Pembetatu ndogo ya kijani itatokea kwenye pembe ikionya kwamba nambari imehifadhiwa kama maneno. Hapa onyo hilo lipuuzwe, maana hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Aliyekwisha kuandika simu nyingi bila sifuri anaweza kuzivalisha muundo wa sifuri kumi mfululizo, 0000000000, na sifuri ya mbele itaonekana tena. Kubadilisha safu hiyo kuwa Text baada ya kuandika hakurudishi chochote.

Nambari za nyumba nazo zina hatari yake. Katika majengo ya ghorofa chumba cha pili cha ghorofa ya tano huandikwa 5-2, na lahajedwali huchukua hiyo kuwa tarehe, tarehe 5 Februari au 2 Mei kutegemea mipangilio ya mashine. Chumba cha 3E4 hugeuka 3.00E+04, yaani elfu thelathini. Tatizo hili limewasumbua hata wanasayansi wakubwa. Mwaka wa 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya jeni kadhaa yaliyokuwa yakigeuzwa tarehe na Excel. MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Taaluma nzima ilikubali kubadili majina yake ili kuepuka makisio ya programu. Mwenye ploti hahitaji kufika huko; anahitaji kuweka safu ya nyumba katika muundo wa Text siku ya kwanza.

Tarehe ndiyo sehemu ambayo tabaka la chini hutofautiana zaidi na la juu. Excel huhifadhi kila tarehe kama hesabu ya siku, ikianza na tarehe 1 Januari 1900 kuwa siku ya 1. Tarehe 1 Januari 2024 ni 45292. Mtu anayekuta tarehe zake zimegeuka kuwa nambari za elfu arobaini na tano na kitu hajapoteza chochote. Ameondoa vazi la tarehe tu, na akilirudisha zitasomeka. Mfumo huu ndio unaowezesha kutoa tarehe moja kutoka kwa nyingine na kupata idadi ya siku ambazo mpangaji amechelewa. Umerithi pia kosa la kale: Excel huuhesabu mwaka wa 1900 kuwa mwaka mrefu, ingawa haukuwa na tarehe 29 Februari, ili ipatane na faili za Lotus 1-2-3.

Hatari ya kila siku iko katika mpangilio wa siku na mwezi. Wakenya huandika siku kwanza. Kompyuta iliyobaki na mipangilio ya Marekani husoma mwezi kwanza, kwa hiyo malipo ya 05/02/2024 huhifadhiwa kuwa ya tarehe 2 Mei. Kuanzia tarehe 13 ya mwezi makisio hushindwa, kwani hakuna mwezi wa 13, na seli hubaki kuwa maneno yaliyoegemea kushoto. Safu ambayo baadhi ya tarehe zimeegemea kulia na nyingine kushoto ina ugonjwa huu bila shaka, na zile za kulia, zinazoonekana nzima, ndizo zilizoharibika. Kurekebisha mipangilio ya eneo kabla ya kuandika ni kazi ya dakika moja. Baada ya hapo inafaa kuchagua muundo unaotaja mwezi kwa herufi, ili asiwepo wa kubahatisha.

Saa huhifadhiwa kama sehemu ya siku. Saa sita mchana ni 0.5. Jambo hili hujitokeza katika malipo ya walinzi, ambao wengi wao hufanya zamu za saa 12. Mlinzi aliyefanya zamu sita amefikisha saa 72, lakini seli yenye muundo wa kawaida wa saa huonyesha 0:00, kwa sababu saa 72 ni siku tatu kamili na muundo huo huonyesha tu kinachozidi siku. Jumla ni sahihi, sura ndiyo inayomnyima mtu haki yake. Muundo wa [h]:mm, wenye mabano ya mraba, huandika 72:00.

Alama hizi zinazoandikwa kwa mkono zina kanuni fupi. Sifuri hulazimisha tarakimu ionekane hata ikiwa haipo. Alama ya reli, #, huionyesha ikiwepo tu. Koma katikati hutenganisha maelfu, na kila koma ya mwishoni huigawa nambari kwa elfu machoni pa msomaji. Hivyo ndivyo majedwali ya bajeti huonyesha milioni bila kugusa shilingi zilizo chini. Muundo unaweza kuwa na sehemu hadi nne zilizotenganishwa kwa nukta mkato: ya nambari chanya, ya hasi, ya sifuri na ya maneno. Mpangilio huu una uwezo mkubwa kuliko unavyotumika. Safu ya salio ikivalishwa #,##0"/= anadaiwa";#,##0"/= amezidisha";"hana deni", kila mstari utajieleza kwa Kiswahili na bado utajumlishwa, kwa kuwa maneno hayo yapo machoni tu.

Baada ya nambari hufuata umbo la ukurasa. Alama za reli zilizojaa katika seli, #####, si kosa la hesabu; safu ni nyembamba kuliko nambari, na inatosha kubofya mara mbili kwenye mpaka wa safu ili ijipanue. Maneno marefu hayaonyeshi alama hizo, bali humwagikia seli ya jirani ikiwa tupu, au hukatwa ikiwa ina kitu, na hapo ni afadhali kuyaruhusu yakunjwe katika mistari miwili. Kichwa cha jedwali kikolezwe wino na kutofautishwa kwa rangi ya chini. Mistari myembamba inayotenganisha seli kwenye skrini kwa kawaida haichapishwi na Excel, jambo ambalo huwashangaza wengi wanapopokea karatasi kutoka saiba. Mistari inayotakiwa ionekane sharti ichorwe. Printa nyingi za saiba hutoa nyeusi na nyeupe, kwa hivyo nyekundu na kijani hutokea zote kijivu, na kuna wasomaji ambao macho yao hayazitofautishi rangi hizo hata kwenye skrini. Rangi isiachwe peke yake kubeba habari. Iandamane na neno.

Kuunganisha seli kadhaa kuwa moja kunapendeza kwenye kichwa cha ukurasa, na kunadhuru kila mahali pengine. Daftari ambalo jina la jengo limeunganishwa kushuka mistari 12 haliwezi kupangwa upya kwa alfabeti wala kuchujwa ipasavyo, na Excel hukataa kupanga ikidai seli zilizounganishwa ziwe na ukubwa mmoja. Jina la jengo lirudiwe katika kila mstari. Ikiwa ni kichwa cha juu kinachotakiwa kukaa katikati, lipo chaguo la kukiweka katikati ya seli kadhaa bila kuziunganisha.

Mwonekano unaofuata masharti ndio ulioleta mabadiliko makubwa zaidi. Badala ya mtu kupaka rangi seli moja moja, hutoa kanuni, na programu hupaka na kufuta yenyewe thamani zinapobadilika. Excel 97 iliruhusu masharti matatu. Toleo la 2007 lilipanua uwezo huo na kuongeza vipimo vya rangi, pau na alama ndogo ndani ya seli. Katika daftari la kodi, kanuni =$G2>0 ikipewa jedwali lote, mistari ya wenye salio hujipaka rangi. Alama ya dola hapa haihusu fedha; humaanisha kwamba kila seli ya mstari iangalie safu ya G, wala si safu yake yenyewe. Kodi ikiwa hulipwa kabla ya kupita tarehe 5, kanuni inaweza kuandikwa =AND(DAY(TODAY())>5,$G2>0), na rangi itangoja hadi tarehe hiyo ipite. Kumpaka mpangaji rangi ya mdaiwa tarehe 2 si haki, na daftari zuri halifanyi hivyo.

Sura iliyokwisha kupangwa huhamishwa kwa brashi ya kunakili mwonekano. Kinyume chake ni kubandika thamani pekee, hasa pale data inapoletwa kutoka faili jingine na rangi zake zisizotakiwa.

Faili linapohamia muundo wa CSV, mambo hugeuka kwa namna inayowashangaza hata wazoefu. Rangi, mistari na upana wa safu hupotea, lakini Excel huandika nambari jinsi zilivyokuwa zikionekana. Seli ya 0.075 iliyokuwa ikionyesha 8% itahifadhiwa kuwa 8%, na mara hii thamani halisi imekwenda. Faili hilo likifunguliwa upya kwa kubofya tu, makisio huanza tena na sifuri za simu hupotea mara ya pili. Data ya CSV iletwe kupitia njia ya kuingiza data, ambako kila safu hutangaziwa aina yake.

Kumebaki suala la kuficha. Maandishi meupe juu ya seli nyeupe, safu iliyofichwa, au muundo wa nukta mkato tatu, ;;;, vyote huondoa kitu machoni bila kukiondoa katika faili. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na simu na vitambulisho vya wapangaji ni taarifa za aina hiyo. Daftari linalotumwa katika kundi la WhatsApp likiwa na safu iliyofichwa limetuma safu hiyo pia, na mpokeaji yeyote anaweza kuifunua. Nakala ya kusambazwa itengenezwe kando, safu za siri zifutwe kabisa, kisha igeuzwe kuwa PDF kabla ya kutumwa.